Maswali ya Wasomaji: Vitabu vya Kutetea Haki, Kuanzia kwa Mtoto Hadi kwa Mzee

Mwezi uliopita tuliwaomba wasomaji wetu watuandikie kuhusu vitabu vya wanaharakati na mageuzi ya jamii, na barua zimetufikia kutoka mitaa mingi ya Nairobi. Haiwezekani kuzijibu zote katika toleo moja, kwa hivyo nimeteua tano ambazo maswali yake yanagusa marika mbalimbali. Niseme mapema kipimo ninachokitumia ninapopendekeza kitabu cha aina hii, kwa kuwa kitajitokeza katika majibu yangu: nakipenda kitabu kinachoonyesha kazi yenyewe ya kutetea haki, yaani nani aliitisha mkutano, nani aliandika barua, nani alikataa alipoletewa zawadi, nani aliogopa, na waliothubutu walilipia nini. Kitabu kinachomsifu shujaa tu, bila kutueleza alifanyaje yale aliyoyafanya, humwacha msomaji akipiga makofi akiwa ameketi.

Mzazi, Pangani: *Mhariri, salamu nyingi. Binti yangu ana umri wa miaka minane. Wakati wa maandamano ya Juni 2024 ya kupinga Mswada wa Fedha tulifunga milango, lakini moshi wa vitoa machozi ulitufikia hata ndani, na mpaka leo huniuliza watu wale walikuwa wanataka nini na kwa nini walikimbizwa. Sitaki kumtisha, wala sitaki kumdanganya. Je, kuna kitabu kinachofaa umri wake?*

Mzazi mwenzangu, kipo, na tena si kimoja. Ningeanza na maisha ya Wangari Maathai, kwanza kwa sababu ni hadithi ya mji huu ambao binti yako anaujua, na pili kwa sababu waandishi kadhaa wamekwisha kuisimulia kwa ajili ya watoto kwa namna tofauti, hivyo unaweza kuchagua kulingana na moyo wa mtoto wako. *Mama Miti*, kilichoandikwa na Donna Jo Napoli na kuchorwa na Kadir Nelson mwaka wa 2010, ni kitabu kipole sana: wanawake wanamwendea Wangari mmoja mmoja, kila mmoja na shida yake, huyu hana kuni, yule mifugo wake hawana malisho, naye anamjibu kila mmoja kwa kumtajia mti wa kupanda. Picha zake zimetengenezwa kwa rangi za mafuta pamoja na vipande vya vitambaa vya maua, na mtoto hupenda kuzigusa kana kwamba ni kanga za nyanya yake. *Wangari's Trees of Peace* cha Jeanette Winter, cha mwaka wa 2008, kina maneno machache zaidi lakini hakikwepi kusema kwamba Wangari alipigwa na kufungwa. Kwa mtoto aliyeuona moshi kwa macho yake mwenyewe, ningechagua hiki cha pili. Mtoto wa aina hiyo keshajua kwamba watu hupigwa. Asilolijua ni kwamba anaweza kumuuliza mtu mzima na kujibiwa.

Ikiwa bei ya vitabu hivyo kutoka nje ni kubwa, *A Tiny Seed* cha Nicola Rijsdijk, chenye michoro ya Maya Marshak, kinasomwa bure kwa simu kupitia mradi wa African Storybook, na kimetafsiriwa kwa Kiswahili. Unaruhusiwa hata kukichapisha na kumpelekea mwalimu wake.

Nakusihi usiishie kwenye miti, kwa maana hapo ndipo wazazi wengi husimama. Watoto wa Nairobi wanafundishwa kwamba Wangari alipanda miti, na ni kweli, kwani vuguvugu lake la Ukanda wa Kijani lilianza mwaka wa 1977 na siku ya kwanza kabisa miche saba ilipandwa papa hapa mjini, Kamukunji. Lakini mwulize binti yako kama anajua kwa nini Uhuru Park bado ni bustani. Mwaka wa 1989 palikuwa na mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 katikati ya bustani ile. Wangari alipopata habari hizo hakuanza kwa kwenda barabarani. Alikaa chini akaandika barua. Aliziandikia ofisi za serikali, akayaandikia mashirika na mabalozi, akauliza swali lile lile kila mara: bustani hii ni ya nani? Alitukanwa hadi Bungeni, na shirika lake likafukuzwa katika ofisi lililokuwa likizitumia, lakini fedha za mradi zilikosekana na jumba halikujengwa. Mtoto wa miaka minane anayaelewa mambo haya vizuri kabisa. Mpeleke Uhuru Park siku ya Jumapili, asimame pale penye nyasi, umwambie kwamba ghorofa 60 zingekuwa hapa. Kisha umwache aandike barua yake mwenyewe, kwa mwalimu mkuu au kwa mwakilishi wa wadi, kuhusu jambo linalomkera. Na kuhusu Juni 2024, mjibu alichouliza bila kukizunguka: watu walisema kodi ni kubwa mno, walitaka wabunge wawasikilize, na wengine waliumizwa, wengine wakafa. Ukimwambia hivyo kwa sauti tulivu, ukiwa umemshika mkono, hutamtisha zaidi ya vile ambavyo kimya kimekwisha kumtisha.

Mwalimu wa Kiswahili, Kariobangi: *Nimeanzisha chama cha kusoma vitabu baada ya masomo, na wanafunzi wamekipenda. Mzazi mmoja amenilalamikia kwamba vitabu vinavyozungumzia dhuluma na maandamano ni uchochezi, na kwamba shule ni mahali pa kufundisha utiifu. Nimjibuje bila kumvunjia heshima?*

Mwalimu, nakupongeza kwa chama hicho, na nafurahi kwamba swali lako la kwanza ni la heshima. Mzazi huyo huenda ana hofu ya kweli. Wazazi wengi wa umri wake wanakumbuka miaka ambayo kupatikana na karatasi fulani mfukoni kulitosha kumpeleka mtu kizuizini, na hofu ya namna hiyo haimtoki mtu kwa sababu tu Katiba imebadilika. Usiidharau. Mwalike asome nanyi kitabu kimoja kabla ya kuhukumu vyote.

Kitabu ambacho ningemwekea mkononi ni *Kusadikika* cha Shaaban Robert, kilichochapishwa mwaka wa 1951, Tanganyika ikiwa bado chini ya Waingereza. Hakuna Mkenya aliyesoma Kiswahili sana ambaye atamwita Shaaban Robert mchochezi. Tazameni pamoja kosa la Karama, mhusika mkuu, ni lipi. Hakuvunja dirisha la mtu, hakumtukana mfalme. Anashtakiwa na waziri Majivuno kwa sababu alitaka kuwafundisha watu wa Kusadikika elimu ya sheria. Na utetezi wake mbele ya baraza si wa kupaza sauti: anawasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, hata mbinguni na ardhini, wakarudi na mawaidha ya kuistawisha nchi, na kila mmoja akatiwa gerezani kwa wema wake. Kila siku anasimulia habari za mjumbe mmoja, na kila siku uso wa baraza unabadilika kidogo. Mwulize mzazi: katika hukumu hii, nani anayevuruga amani, anayefundisha sheria au anayeificha?

Mkifika hapo, mweleze pia yaliyotokea karibu nasi. Mwaka wa 1977, kule Kamĩrĩĩthũ, Limuru, wakulima na wafanyakazi waliigiza *Ngaahika Ndeenda*, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, katika ukumbi wa wazi walioujenga wenyewe. Watu waliokuwa hawajawahi kukanyaga jukwaa walijifunza majukumu yao kwa moyo, wakamrekebisha mwandishi pale Kikuyu chake kilipokosa ladha ya wazee, na wakagundua kwamba maisha yao yanastahili kuonyeshwa. Serikali iliipiga marufuku tamthilia hiyo, na mwisho wa mwaka huo Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini bila kushtakiwa, akakaa katika gereza la Kamiti hadi Desemba 1978. Huko ndiko alikoandika riwaya *Caitaani Mũtharaba-inĩ* kwenye karatasi za chooni. Waswahili tunayo kama *Shetani Msalabani*. Ukumbi wenyewe ulibomolewa mwaka wa 1982. Mambo haya yamo katika *Detained*, kitabu cha kumbukumbu zake za kizuizini, ambacho ningekiacha kwa wanafunzi wakubwa kwa kuwa kina hasira nyingi na kinahitaji mwalimu aliye tayari kujadili kurasa zake ngumu.

Tena, Mwalimu, usimjibu mzazi kwa kudai kwamba vitabu hivi havibadilishi mtu. Vinabadilisha, na ndiyo sababu vilizuiwa. Mwambie ukweli kwamba vinamfundisha mtoto tofauti kati ya kudai haki na kufanya fujo, tofauti ambayo mtoto asiyesoma atafundishwa na watu wengine, mahali pengine, bila mwalimu.

Kijana, Kayole: *Nilifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka wa 2022. Tulisoma* Kigogo*, lakini kwa ajili ya maswali ya KCSE tu. Sasa marafiki zangu wanazungumza kuhusu mageuzi kila siku mtandaoni nami naona sina msingi. Nianze na kitabu gani?*

Anza na hicho hicho ulichokitupa chini ya kitanda baada ya mtihani. Ninasema hivi kwa dhati. Tamthilia ya Pauline Kea tuliisoma tukitafuta maudhui, mbinu za uandishi na "fafanua ukirejelea dondoo", na tukaipita bila kuiona. Isome mara moja kwa mfululizo, bila kalamu. Tazama lile tukio la wachongaji: Sudi, Boza na Kombe wanafanya kazi pamoja, Soko la Chapakazi limefungwa, na mtu wa serikali anawaletea keki ya kusherehekea uhuru wa Sagamoyo, jimbo la kubuni la tamthilia hiyo. Boza anakula, tena kwa furaha. Sudi anakataa, kama anavyokataa kukichonga kinyago anachotakiwa kukichonga, ingawa ameahidiwa mali na yeye ni maskini. Kipande kidogo cha keki, na ndani yake mna habari nzima ya jinsi watu wenye shida moja wanavyogawanywa. Halafu mtazame Tunu, ambaye anavunjwa mguu na wahuni lakini harudi nyuma. Madai yake si ya kupindua dunia: anataka soko lifunguliwe ili watu wapate riziki. Wewe unaishi Kayole. Huhitaji kuelezwa soko likifungwa nani hulala njaa.

Ukimaliza, nenda kwenye *Kilio cha Haki* cha Alamin Mazrui, kilichotoka mwaka wa 1981, ambacho kinawahusu wafanyakazi wa shamba la mlowezi wanaoongozwa na mwanamke, Lanina. Mwaka uliofuata mwandishi mwenyewe aliwekwa kizuizini. Ninakipendekeza kwa sababu kinaonyesha jambo ambalo wanaharakati vijana huliepuka, kwamba wanaotaka mabadiliko nao wana ubaguzi wao: wapo wanaompinga Lanina si kwa sababu amekosea bali kwa sababu ni mwanamke. Kisha usome *Shamba la Wanyama*, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya kitabu cha George Orwell, ambacho ni kifupi na kitakuamsha kuhusu kinachoweza kutokea baada ya ushindi, pale walioongoza wanapoanza kulala katika vitanda vya waliowafukuza. Ukitaka kuzama zaidi, *Viumbe Waliolaaniwa*, tafsiri ya Kiswahili ya kitabu cha Frantz Fanon cha mwaka wa 1961, itakuchukua muda na itakuchosha, lakini sura inayohusu tabaka la viongozi wapya baada ya uhuru utadhani imeandikwa jana.

Mtandaoni utayapata mengi kwa haraka, nami siyapuuzi. Hata hivyo, chukua kitabu kimoja ukimalize kabla ya kubishana na yeyote.

Mzee, Kaloleni: *Mhariri, mimi ni mtu wa umri mkubwa, nimeishi Kaloleni tangu utotoni. Macho yangu ni hafifu na Kiingereza changu ni cha kazini tu. Wajukuu wananisomea jioni. Ningependa vitabu vya Kiswahili kuhusu watu waliopigania haki, ambavyo tunaweza kuvisikiliza sote.*

Mzee wetu, pokea heshima zangu. Kwa kuwa kitabu chenyewe kitasomwa kwa sauti, nitachagua ushairi na tamthilia kabla ya riwaya, kwa maana hizo zilitungwa zisikike.

Cha kwanza ni *Sauti ya Dhiki*, diwani ya Abdilatif Abdalla wa Mombasa. Utakumbuka kwamba mwaka wa 1968 palisambazwa karatasi iliyoitwa *Kenya Twendapi?*, nayo ndiyo iliyomponza kijana huyo akafungwa miaka mitatu, kuanzia 1969 hadi 1972. Tungo zake aliziandika kwa siri gerezani, naye pia kwenye karatasi za chooni, na diwani ilipotoka mwaka wa 1973 ilivuta hisia za nchi nzima. Mwaka uliofuata ikapewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mtunzi. Waambie wajukuu waanze na "Siwati", shairi la mtu anayeapa kwamba hatauacha msimamo wake, kisha "Mamba", halafu "Mnazi: Vuta N'kuvute", ambamo ndugu wawili wanagombania mnazi. Hili la mwisho lisomwe na watu wawili, mmoja upande huu na mwingine upande ule. Lahaja ni Kimvita, na watoto wa Nairobi watajikwaa mwanzoni. Wasome polepole, nawe uwasaidie, kwani sikio lako huenda linayajua maneno ambayo macho yao hayajawahi kuyaona.

Cha pili ni *Mzalendo Kimathi*, tafsiri ya tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo. Mpe mjukuu wa kike nafasi ya yule mwanamke asiyetajwa jina, maana ndiye anayeifanya hadithi isonge. Cha tatu ni *Kinjeketile* cha Ebrahim Hussein, kuhusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 kusini mwa Tanzania ya leo, ambacho kinauliza swali zito kuhusu kiongozi aliyewaunganisha watu kwa imani asiyoweza kuithibitisha.

Mzee, kuna jambo lingine. Ukumbi wa Kaloleni, pale mtaani kwako, ndipo Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, aliposimama tarehe 23 Aprili 1950 akadai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki, wakati ambapo wengi hawakuthubutu kulitamka neno hilo hadharani. Mwezi uliofuata alikamatwa, wafanyakazi wa Nairobi wakagoma, naye akazuiliwa hadi mwaka wa 1961. Zarina Patel ameandika maisha yake katika *Unquiet*, kitabu cha mwaka wa 2006. Ni cha Kiingereza, lakini mjukuu mkubwa anaweza kusoma ukurasa kisha akakueleza kwa Kiswahili, nawe ukawaeleza mtaa ulivyokuwa ulipokuwa mdogo. Nakuomba kwa unyenyekevu mmoja wao ayaandike unayoyasema. Tuna vitabu vichache mno vilivyotoka katika midomo ya watu wa Eastlands.

Chama cha akina mama, Mathare: *Tuko wanawake kumi na wawili. Tumeamua kusoma pamoja kila Jumamosi, lakini hatuna fedha za kununua vitabu. Tutavipata wapi, na tuanze na nini?*

Dada zangu, mko karibu na vitabu kuliko mnavyodhani. Matawi ya maktaba za kaunti yaliyoko Kaloleni na Makadara yamekarabatiwa katika miaka ya karibuni na yana nafasi ya watu kukaa pamoja. Maktaba mama ni McMillan, katika Mtaa wa Banda, iliyofunguliwa mwaka wa 1931. Kwa miaka mingi ya ukoloni Waafrika hawakuruhusiwa kuingia humo kusoma. Ninyi ingieni. Maktaba ya Ukombozi, iliyoanzishwa mwaka wa 2017 katikati ya jiji, imekusanya hasa vitabu vya historia ya mapambano ya Kenya na Afrika. Wauzaji wa vitabu vya mitumba kandokando ya barabara za mjini nao huwa na vitabu teule vya miaka iliyopita kwa bei ya chini, na mkichanga kila mmoja kidogo mtapata nakala mbili au tatu za *Kigogo*, ambazo zinawatosha watu kumi na wawili mkisoma kwa kupokezana.

Ningependa mwanze na simulizi ya wanawake wenzenu. Mwaka wa 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa waliketi Uhuru Park, mahali panapoitwa Freedom Corner, wakagoma kula ili wana wao waachiliwe. Polisi waliwatawanya kwa marungu na vitoa machozi, Wangari Maathai akapigwa hadi akazirai, na baadhi ya akina mama wakavua nguo mbele ya askari kama laana. Walihamia katika Kanisa Kuu la All Saints na kuendelea kukesha humo kwa karibu mwaka mzima, hadi karibu wana wao wote wakaachiliwa. Wangari anaisimulia habari hiyo katika *Unbowed*, kumbukumbu zake za mwaka wa 2006. Tafuteni msichana mmoja wa mtaani anayesoma Kiingereza vizuri, awasomee sura hiyo na kuifasiri papo hapo.

Kitabu cha pili ni Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, ambayo ipo kwa Kiswahili. Msiianze ukurasa wa kwanza. Fungueni Sura ya Nne, inayohusu haki za msingi, msome Kifungu cha 37, kinachompa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko kwa wenye mamlaka kwa amani na bila silaha. Kisha mruke hadi Kifungu cha 119, kinachompa kila mtu haki ya kuliandikia Bunge. Someni kila sentensi mara mbili, na anayesoma asimame. Ikiwa mna jambo la maji, la taka au la zahanati ambalo limekaa muda mrefu, Jumamosi ya tatu andikeni ombi lenu kwa Bunge la Kaunti, mtie sahihi nyote kumi na wawili, mbaki na nakala yenye muhuri wa mapokezi. Mkipenda, tutumieni nakala nasi tuichapishe hapa.